Haute couture: si kila gauni la bei mbaya

"Fundi, nishonee haute couture kama hii." Maneno hayo huja na picha kwenye simu: gauni la shanga tupu, mkia mrefu, bei ya kuezekea nyumba. Shanga na mkia nitaweka. Jina ndilo siwezi kulitoa, maana huko Ufaransa linalindwa na sheria tangu 1945.

Couture kwa Kifaransa ni ushonaji tu, na haute ni wa juu (tamka "ot kutyur", h ni bubu). Nyumba ya mitindo ikitaka kujiita hivyo lazima ishone kwa oda ya mteja mmoja mmoja na kumfitisha, iwe na karakana Paris yenye wafanyakazi wa kudumu wasiopungua 15, na ionyeshe mitindo mipya kila Januari na Julai. Ratiba ya maonyesho hayo ina wabunifu waalikwa pia. Imane Ayissi wa Kameruni aliingia kwa mlango huo mwaka 2020.

Kinachonichekesha ni kwamba mwasisi wake alikuwa Mwingereza, Charles Frederick Worth, aliyefungua duka Rue de la Paix mwaka 1858. Zamani bibi tajiri wa Paris alijinunulia kitambaa, akampelekea fundi na kumwelekeza, vilevile kama ninavyoletewa vitenge hadi leo. Worth akapindua mambo: mtindo wake, kitambaa chake, wasichana wakiuvaa mbele ya wateja, na jina lake limeshonwa ndani ya nguo. Eugénie, mke wa Napoleon III aliyetawala Ufaransa, alipoanza kuvaa nguo zake, wakubwa wengine wakapanga foleni.

Kazi yenyewe huanza na toile, gauni la majaribio la pamba. Hapa kwetu ningetumia marekani. Mteja analivaa, linabanwa pini, linachorwa kalamu palepale mwilini, kisha linafumuliwa na vipande vyake vinakuwa patani, yaani kielelezo cha kukatia kitambaa. Hariri haiguswi na mkasi kabla ya hapo. Mafundi wengi tunairuka hatua hii, kwa sababu mteja analipia gauni moja, si mawili. Ndani, sehemu kubwa hushonwa kwa mkono, na kitambaa cha ziada huachwa kwenye mishono ili mwenyewe akinenepa lipanuliwe.

Kwa hiyo ukiuziwa "couture" dukani, geuza nguo ndani nje. Ukikuta lebo ya saizi M, hiyo ni prêt-à-porter: imeshonwa kabla mvaaji hajajulikana, hata kama bei ni ya Paris.