Kolesteroli ya utando wa seli si mafuta ya chakula cha nguruwe

Nimeulizwa tena kama kupunguza mafuta katika chakula cha nguruwe kutawakinga na ugonjwa wa Aujeszky, kwa hoja kwamba kirusi chake cha jamii ya herpesi kinahitaji kolesteroli. Hapana. Inanikera kuona jambo la kweli kuhusu utando wa seli likigeuzwa kuwa ushauri wa lishe, ilhali seli za mnyama hujitengenezea kolesteroli zenyewe na kudhibiti kiwango chake kwa makini.

Upande wa protini ambazo kirusi hutumia kuingia selini sitakawia. Kati ya glikoprotini (protini zenye sukari) zilizo juu ya kirusi, gC hushika heparani sulfati, minyororo ya sukari iliyo juu ya seli, gD hujifunga kwenye nektini-1, kipokezi cha seli, kisha gB pamoja na gH/gL huunganisha utando wa kirusi na wa seli. Anayedhani kuziba nektini-1 kunamaliza kazi akumbuke kwamba kirusi hiki kikishaingia huweza kuvuka hadi seli jirani bila gD.

Kwenye kolesteroli ndiko watu wanakopotea. Tunachukua seli za figo za nguruwe, PK-15, tunaziondolea kolesteroli kwa methili-beta-siklodekstrini, kisha tunaziambukiza. Baada ya siku mbili tatu tunazipaka rangi ya zambarau: sahani ambayo ingejaa vitobo vyeupe, mahali seli zilipokufa, huwa na vichache tu, na tukizirudishia kolesteroli, vitobo huongezeka tena. Hata hivyo, kemikali hiyo hulegeza utando mzima na kuvuruga protini nyingi zisizohusika, kwa hiyo hadi leo nasita kusema kama tunapima muungano wa tando, mpangilio wa vipokezi, au udhaifu wa seli iliyojeruhiwa. Kinachonipunguzia shaka ni kwamba ukiiondoa kolesteroli kwenye utando wa kirusi chenyewe, seli bila kuguswa, maambukizi hushuka pia.

Tena seli hujilinda kwa molekuli hiyohiyo. Interferoni, protini ya tahadhari ambayo seli hutoa zikivamiwa na kirusi, huamsha kimeng'enya CH25H, nacho huipachika kolesteroli kundi moja la haidroksili, na zao lake, 25-haidroksikolesteroli, huzuia kirusi kuingia. Atomu moja ya oksijeni imeongezwa, na kilichokuwa msaada kwa kirusi kimekuwa kizuizi. Hesabu ya mafuta kwenye hori haiwezi kueleza hilo.

Kwa aliyeniuliza: wachanje nguruwe kwa chanjo ya kirusi kilichoondolewa gE, protini yake nyingine, ili kipimo cha kingamwili kimtofautishe nguruwe aliyechanjwa na yule ambaye kirusi kimelala katika neva zake.