Protini juu ya elektrodi: kuinasa gesi ni nusu tu ya kazi

Nitriki oksaidi ina atomu mbili tu, na mwilini hudumu sekunde chache. Mwaka 1998 Furchgott, Ignarro na Murad walipata Tuzo ya Nobeli kwa kuonyesha kwamba gesi hii hupeleka ujumbe katika mishipa ya damu. Kuipima palepale inapozaliwa ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote.

Elektrodi, yaani kipande kinachopitisha umeme kinachotumbukizwa katika sampuli, ikiwa tupu huhitaji volti kubwa, karibu 0.8, ndipo gesi iachie elektroni. Kwa volti hiyo vitamini C, dopamini na nitriti nazo huachia zake, na mkondo wa umeme unaousoma hujui ni wa nani. Hapo tunaomba msaada wa protini. Hemoglobini, mayoglobini na saitokromu zina hemu, pete yenye atomu ya chuma katikati, na chuma hicho ndicho kinachoshika gesi.

Tatizo ni kwamba hemu imezama ndani ya protini. Umbali ukizidi nanomita moja na nusu hivi, elektroni karibu hazipiti kabisa. Tena, protini ikigusa metali tupu huweza kukunjuka na kuharibika. Kwa hiyo tunatandika utando kwanza. Saitokromu c ina chaji chanya kuzunguka hemu, basi dhahabu tunaifunika kwa molekuli zenye ncha ya asidi, nayo hukaa hemu ikielekea chini. Mayoglobini hupendelea utando unaofanana na mafuta ya ukuta wa seli.

Ikikaa sawasawa, utaona. Fukuza oksijeni kwa kupuliza nitrojeni: ukishusha volti kisha kuipandisha, mkondo unachora vilele viwili, chuma kikipokea elektroni kisha kikiirudisha. Ruhusu oksijeni kidogo. Kilele cha kwenda kinapanda, cha kurudi kinapotea, kwa sababu elektroni imeshachukuliwa na oksijeni.

Na hapo ndipo penye shida, maana sampuli hai haikosi oksijeni, na mkondo wake huchanganyika na wa gesi tunayoitafuta. Wengi husifu protini inayoshika kwa nguvu. Kwangu hiyo ni kasoro. Hemoglobini hushika kaboni monoksaidi zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na nitriki oksaidi kwa nguvu zaidi ya hapo, hivyo kitambuzi kinachotegemea mshiko huo hubaki kimeshiba hata gesi ikiisha. Baadhi ya bakteria wana saitokromu inayopokea nitriki oksaidi na kaboni monoksaidi na kuikataa oksijeni. Ningeanza na hiyo, na kipimo changu cha kwanza kingekuwa kupuliza nitrojeni na kuona kama mkondo unarudi ulipokuwa.