Kupima uhai wa mRNA kwenye kimelea cha malale

Kimelea cha malale, Trypanosoma brucei, hakiwashi na kuzima jeni mojamoja kama seli zetu. Husoma jeni kumi, ishirini na zaidi kwa mkupuo na kuzinakili kuwa RNA moja ndefu, halafu hukata RNA hiyo vipandevipande. Kila kipande ni mRNA, nakala ya jeni inayobeba maagizo ya kutengeneza protini; hubandikwa kichwa kilekile cha herufi 39, na nyuma mkia wa herufi A nyingi. Jeni mbili zilizopakana husomwa sawasawa, lakini moja ikabaki na nakala nyingi na jirani yake chache. Kinachoamua ni mRNA ipi inadumu na ipi inaozeshwa upesi. Amri hiyo imeandikwa zaidi kwenye sehemu ya mwisho ya mRNA, isiyotafsiriwa kuwa protini, ambako hutua protini zinazoshika RNA. Ndivyo kimelea kinavyobadili mavazi, yaani protini zake za nje, kikitoka kwa mbung'o kuingia kwenye damu ya ng'ombe au ya mtu.

Uganda ni nchi ya kuchukulia jambo hili kwa uzito. Tuna aina zote mbili za malale: gambiense kaskazini-magharibi, rhodesiense Busoga na Tororo. Zinatofautiana kwa kasi ya ugonjwa, ila ukataji huu wa RNA ni uleule. Dawa ya akoziboroli hupiga CPSF3, mkasi unaokata RNA hiyo kabla ya mkia kuwekwa.

Basi, ukitaka kujua jeni inavyodhibitiwa, wingi wa mRNA peke yake hautoshi. Pima nusu-uhai, yaani muda wa nusu ya nakala kuoza.

Kuza vimelea vya damuni kwa nyuzi 37 na kaboni dayoksaidi asilimia 5, uvitumie vikiwa karibu milioni 1 kwa mililita. Hapa chunga sana kama unatumia AnTat 1.1, aina ya kimelea cha maabara, uzao wa aina ya EATRO 1125 iliyotolewa kwa pongo hapa Uganda mwaka 1966. Vikisongamana vinageuka vifupi vinene, vinaacha kugawanyika, na mRNA zake si zile tena. Umeme ukikatika na kabati la kukuzia likapoa, ahirisha; baridi ya nyuzi 20 tu inatosha kubadilisha mRNA kadhaa.

Tia sinefungini mikrogramu 2 kwa mililita, ngoja dakika 5, ndipo utie aktinomisini D mikrogramu 10 kwa mililita. Aktinomisini huzuia usomaji mpya, lakini RNA ndefu zilizokwisha kusomwa zingeendelea kukatwa na kuzaa mRNA changa. Sinefungini huziba mlango huo, kwa kuwa bila methili, alama ndogo za kikemia za kichwani, kile kichwa cha herufi 39 hakibandikwi. Ukiiruka, mstari wa grafu yako utabaki bapa mwanzoni, nawe utadhani mRNA inadumu. Aktinomisini ni sumu na huharibiwa na mwanga: vaa glavu, funika chupa kwa foili.

Chukua mililita 10 kwa dakika 0, 5, 15, 30 na 60. Kuzungusha kwenye sentrifuji nako hula dakika 5, na mRNA inaoza humohumo. Kwa hiyo saa isimame pale unapomwaga kiyeyusho cha kuvunja seli, si unapochota. Andika dakika halisi. mRNA nyingi za kimelea hiki huishi dakika chache tu, hivyo kosa la dakika 5 ni kubwa mno.

Ukipitisha RNA uliyoitoa kwenye jeli kuangalia ubora wake, usishtuke ukiona mistari mitatu mikubwa. RNA ya sehemu kubwa ya ribosomu (kiwanda cha protini cha seli) ya trypanosoma imegawanyika yenyewe vipande viwili vikuu, na juu ya vipande hivyo kwenye jeli kuna RNA ya sehemu ndogo. Mashine ya kupima ubora, iliyozoea RNA ya binadamu, itakupa alama mbaya na kudai imeoza. Usitupe sampuli, angalia kama mistari imekolea na chini hakuna ukungu.

Kugeuza RNA kuwa DNA ili uhesabu nakala, tumia vianzishi (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili) vya nasibu, si vile vinavyoshika mkia wa A. Mkia ndio huliwa kwanza, hivyo mRNA isiyo na mkia ingehesabiwa imekwisha ilhali ipo. Gawanya hesabu yako kwa RNA ya ribosomu kama kipimo cha kulinganishia. Jeni za tubulini na aktini, zinazozoeleka kwa kazi hiyo, hazifai kabisa hapa: mRNA zake nazo zinaoza baada ya dawa, na ukigawanya kwa kitu kinachopungua, jibu lako litarefuka bila sababu.