Mstaafu anaposafiri, utaratibu wake uende naye

Mstaafu akiniambia anataka kuanza kusafiri, simuulizi kwanza anakwenda wapi. Namuuliza anaamka saa ngapi. Wengine hucheka, maana walidhani wameshaagana na habari za saa. Lakini mimi hutibu wazee, na naona umbali hauwachoshi sana. Wanachoshwa na kuvurugika kwa mambo machache ambayo mwili umeyazoea: kuamka, kula, dawa, kutembea, kulala.

Ulipokuwa kazini, kazi yenyewe ilikulindia utaratibu huo. Ukistaafu unaulinda mwenyewe, na safari huuvunja upesi. Hata hivyo, kubeba ratiba nzima ya nyumbani ni kujitesa bure. Shika mawili matatu, mengine yaache yaende yatakavyo.

Mimi ningeanza na saa ya kuamka. Saa ya mwili huongozwa na mwanga, na kwa watu wengi mzunguko wake unazidi saa 24 kidogo. Ndiyo maana kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi, na safari ya ndege kuelekea mashariki hutesa zaidi kuliko ya magharibi. Kadiria kama siku moja ya kuzoea kwa kila saa moja ya tofauti kati ya saa za nyumbani na za unakokwenda. Ukienda mahali penye tofauti ya saa sita ukakaa siku nne, utafunga mizigo wakati mwili ndiyo kwanza unawasili. Safari ya namna hiyo ama irefushe, ama iache.

Dawa ndizo hunipa kazi kubwa. Kidonge cha presha cha mara moja kwa siku kikisogea saa chache, kwa kawaida hakuna shida. Insulini ni habari nyingine: ukielekea mashariki siku yako inafupika na dozi huenda ikahitaji kupunguzwa, ukielekea magharibi inarefuka, na huenda ukahitaji nyongeza. Hesabu hiyo ifanye na daktari wako wiki kadhaa kabla ya safari, si usiku wa kufunga mizigo. Halafu kuna wanaomeza dawa za kukojosha. Wengi huziruka siku ya safari kwa kuogopa kukosa choo njiani, na maji ya kunywa nayo wanayapunguza. Nawaelewa kabisa. Ila mwenye moyo dhaifu akiruka dozi anaweza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, na kiu ya mtu mzima haimkumbushi kunywa kama zamani. Muulize daktari kama unaweza kumeza ukishafika. Dawa zote zikae kwenye begi la mkononi, ndani ya paketi zake, pamoja na orodha ya majina na dozi.

Dawa za usingizi ndani ya ndege sizipendi. Mtu hulala bila kujigeuza, akiamka anayumba.

Na kukaa bila kujigeuza ndiko tunakokuogopa. Safari ya zaidi ya saa nne, iwe kwa ndege, basi au gari, huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Inuka, tembea, chezesha vifundo. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwa wenye miaka 65 na zaidi, siku tatu au zaidi ziwe na mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba. Wasafiri hudhani kutalii kunatosha. Mmoja hutembea siku ya kwanza mpaka magoti yanavimba, mwingine anapelekwa na basi wiki nzima. Dakika kumi za kusimama kwa mguu mmoja mmoja huku umeshika kiti zinawezekana katika chumba chochote cha hoteli.

Ukirudi, acha siku mbili tatu bila miadi wala wageni. Na kama wiki mbili zimepita bado unaamka usiku wa manane na kusinzia mchana, tiketi inayofuata isubiri. Mwone daktari kwanza, maana huenda tatizo halikuletwa na safari.