Mafuta ya breki nayo huchakaa

Gari likitoka kwa fundi na pedi mpya, wenye magari wengi huona suala la breki limekwisha. Mafuta ya breki hayaguswi hata miaka mitano. Hatari yake huonekana siku ya kushuka mteremko wa Kitonga au Sekenke na gari lililojaa.

Mafuta haya hunyonya unyevu. Unaingia kidogo kidogo kupitia mipira na kifuniko cha kikopo cha mafuta hayo, na kwa mji wa pwani kama Tanga au Dar es Salaam unyevu haukosekani. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango hicho ni 140 tu. Kwa DOT 4 ni 230 na 155.

Mteremkoni, dereva akikalia breki muda wote, joto la pedi hupita kwenye pistoni hadi kwenye mafuta, na yakichemka mvuke unatokea. Mafuta hayabanwi, lakini mvuke hubanwa. Mguu unazama hadi sakafuni na gari halishiki. Baya zaidi, gari likipoa pedali inarudi ngumu kama kawaida, fundi akikagua haoni kitu, na mwenye gari anaruhusiwa kuondoka.

Badilisha mafuta kila miaka 2, au kama kitabu cha gari kinavyosema. Usingoje yawe meusi. Hata yenye rangi ya asali yanaweza kuwa na maji. Gari dogo hutosheka na lita 1. Fuata aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, na DOT 5, ambayo ni ya silikoni, isichanganywe na hizo nyingine kabisa. Oili ya injini au haidroliki usithubutu: inavimbisha mipira ya ndani, na mfumo mzima unaharibika.

Wakati wa kubadilisha mafuta na kutoa upepo, yaani hewa iliyomo kwenye mfumo wa breki, kaa karibu utazame. Fundi anyonye mafuta ya zamani kwenye kikopo, ajaze mapya, kisha aanze na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali. Kwa magari mengi ya usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Mrija mwangavu wa mpira unavishwa kwenye nipeli, yaani skrubu ndogo ya kutolea hewa kwenye breki ya gurudumu, na ncha ya mrija inazamishwa kwenye chupa yenye mafuta mapya kidogo. Msaidizi anakanyaga taratibu na kushikilia, fundi anafungua robo mzunguko, anafunga, ndipo mguu unaachiwa. Mguu ukiachiwa kabla nipeli haijafungwa, hewa inavutwa ndani na kazi inaanza upya. Kikopo kisishuke chini ya alama ya MIN. Baadhi ya magari yenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga wakati wa breki) huhitaji pia mashine ya uchunguzi. Mafuta yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji mengi papo hapo.

Mafuta ya kikopo yakipungua, usikimbilie kuongeza. Pengine pedi zimeisha, au yanavuja. Pedi iliyobaki milimita 3 ibadilishwe.

Kabla ya kuondoka gereji, kanyaga pedali kwa nguvu sekunde 30 injini ikiwa imezimwa. Ikizama taratibu, gari lisitoke. Na mafuta yaliyobaki kwenye chupa iliyofunguliwa yasihifadhiwe kwa ajili ya mwakani. Yameshaanza kunyonya unyevu.