Umetapeliwa mtandaoni? Ukifika kituoni omba barua

Watu wanaofika ofisini kwangu hapa Dodoma baada ya kutapeliwa mtandaoni huwa wana RB (namba ya taarifa iliyofunguliwa polisi) mfukoni na lawama mdomoni: "Wakili, polisi hawafanyi kitu." Nikiwauliza waliomba nini kituoni, karibu wote wanasema waliomba tapeli akamatwe. Sasa akamatwe nani? Kituoni hakuna sura, hakuna mtaa, na jina lililopo huenda ni la bibi wa watu asiyejua lolote. Kilichopo ni namba ya simu. Taarifa za namba hiyo anazo mwenye mtandao wa simu, na hazitoi bila amri ya maandishi, yaani barua ya polisi. Jalada linalala kwa sababu amri haijaandikwa, na mara nyingi haijaandikwa kwa sababu hakuna aliyeiomba.

Sheria ya Makosa ya Mtandao, Na. 14 ya 2015, ilianza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo. Wengi wanaijua kwa kesi za watu walioandika jambo mtandaoni wakajikuta mahabusu, na sishangai wakiiogopa. Lakini kifungu chake cha 32 kinamfaa sana mlalamikaji. Kinampa mkuu wa kituo cha polisi mamlaka ya kumwamuru yeyote mwenye data inayohitajika katika upelelezi aitoe. Mkuu wa kituo, si waziri wala jaji. Kwa utaratibu wa ndani barua inaweza kupitia kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya au wa mkoa, na hilo ni sawa. Ila ukiambiwa usubiri "wataalamu wa Dar", uliza kwa adabu: "Afande, barua ya kwenda kampuni ya simu imeshaandikwa? Naomba kujua tarehe yake."

Barua iombe nini? Hapa ndipo kesi nyingi hufa. Ikiomba jina la mwenye laini tu, litakuja jina, askari watamfuata huyo mtu, na watamkuta mzee wa kijijini aliyewahi kuwekwa alama za vidole mara mbili na kijana wa mwavuli anayesajili laini mtaani, akiambiwa "ya kwanza imegoma". Tangu usajili wa alama za vidole ulipokamilishwa mwanzoni mwa 2020, kila laini ina mwenyewe kwenye karatasi, lakini karatasi haipigi simu. (Wewe pia piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Fanya leo.) Kwa hiyo barua iombe pia IMEI (namba ya utambulisho wa simu yenyewe) ya simu iliyotumia laini hiyo, laini nyingine zilizowahi kukaa kwenye simu hiyohiyo, minara iliyoisoma, na mtiririko wa miamala hadi kwa wakala aliyetoa fedha taslimu. Tapeli hutupa laini kila wiki, simu huitupa mara chache zaidi. Na wakala ana sehemu anayokaa, ana daftari, na mara nyingine anamfahamu mteja wake kwa sura.

Hutaiandika barua hiyo wewe. Kazi yako ni kumpa mpelelezi maelezo yanayomrahisishia kuiandika siku hiyohiyo. Nilimsaidia mama mmoja mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa, aliyelipa advansi ya fuso aliyoiona Facebook, na fuso haikuja. Maelezo yake ya kwanza yalisomeka hivi: "Nimetapeliwa na mtu wa mtandaoni aliyesema ana gari, nikamtumia pesa, sasa hapatikani, naomba msaada." Kila neno ni kweli, na hakuna neno hata moja ambalo mpelelezi anaweza kulifanyia kazi.

Tukayaandika upya. Tarehe na saa alipoona tangazo, na kiungo kamili cha akaunti iliyolitoa. Saa aliyopigiwa, na kwa namba ipi. Saa aliyotuma shilingi 1,200,000, kumbukumbu namba ya muamala kama ilivyo kwenye ujumbe, jina lililotokea kabla hajabonyeza namba ya siri, na salio baada ya hapo. Kisha alichoambiwa, kwa maneno yaleyale: "Gari liko Gairoti linapakua, saa nane liko kwako." Tapeli aliiita Gairo "Gairoti", tukaacha hivyohivyo, kwa sababu mtu wa njia hii hasemi hivyo, na kosa la namna hiyo humsaidia mpelelezi. Saa tuliziandika kama simu inavyozionyesha. Maelezo yakisema saa nne asubuhi na ujumbe ukisema 10:12, wakili wa utetezi atapata pa kuchezea.

Skrinshoti nazo zina ufundi wake. Ukishaihifadhi namba kwa jina "Tapeli Fuso", kila picha ya mazungumzo ya WhatsApp itaonyesha "Tapeli Fuso", na namba haionekani popote. Fungua wasifu wake, piga picha namba ikiwa wazi, ndipo uendelee na mazungumzo kuanzia juu bila kuruka. Hamisha pia mazungumzo yote kama faili. Usimbloku, usifute, na kama aliwasha ujumbe wa kujifuta, fanya hayo kabla hujanywa hata chai. Kwa Facebook, jina la akaunti linaweza kubadilishwa, kwa hiyo nakili kiungo chenyewe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa namna hii mahakamani, lakini mahakama inatazama ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa, na kama haukuguswa. Simu yako ikichukuliwa kama kielelezo, dai hati ya kupokelewa kwake, yenye aina ya simu na IMEI.

Kabla ya yote hayo kuna dakika chache za mwanzo. Piga 100 kwa mtandao uliotumia, eleza kwamba ni utapeli, omba fedha zizuiwe kama bado hazijatolewa, na uandike jina la aliyekuhudumia. Ujumbe wenyewe wa kitapeli utume kwenda 15040. Utaulizwa namba iliyoutuma. Huo ni mfumo wa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, wa kushughulikia namba za matapeli, na si malalamiko ya jinai. Nimekutana na watu waliotuma 15040 wakakaa nyumbani wakisubiri polisi wawapigie.

Jibu linalokatisha tamaa kuliko yote kaunta ni hili: "Hiyo ni kesi ya madai, nenda mahakamani." Wakati mwingine askari yuko sahihi. Fundi aliyekula advansi akachelewesha kabati lako ni mdaiwa, hata kama hapokei simu. Utapeli unatengenezwa na uongo uliokuwepo wakati unalipa, kwa hiyo onyesha uongo huo. Kwenye viwanja vya Dodoma ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: nenda ofisi ya ardhi ya Jiji na namba ya kitalu na kiwanja ulichouziwa Iyumbu au Nala, ujue kama kipo na ni cha nani. Kwenye ajira, mtu akikudai "hela ya faili" akijifanya wa Sekretarieti ya Ajira, uongo uko wazi, kwa maana maombi ya kazi serikalini hayalipiwi. Picha ya fuso ya yule mama tuliikuta kwenye tangazo jingine la miaka ya nyuma, lenye namba nyingine kabisa. Ukurasa huo ukiambatishwa kwenye maelezo, neno "madai" huwa halirudi tena. Kosa linaingia kwenye kujipatia mali kwa udanganyifu chini ya Kanuni ya Adhabu, na pia udanganyifu wa kompyuta chini ya ile sheria ya 2015.

Kuna pia lile la "nenda ukaripoti alipo huyo tapeli". Taarifa za TCRA za robo mwaka zimekuwa zikiitaja Rukwa na Morogoro kuwa juu kwa namba za utapeli, kwa hiyo namba yako ina nafasi nzuri ya kusomwa Sumbawanga au Ifakara. Haikulazimu kupanda basi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu kosa kusikilizwa pale tendo lilipofanyika au pale matokeo yake yalipotokea, na fedha zako zimetoka mfukoni mwako ukiwa Dodoma. Ni kweli kwamba askari kusafiri hadi huko ni gharama, na fungu la safari ni dogo. Naelewa. Lakini RB ni bure, barua ni bure, na mnyororo wa "hela ya mafuta", "ya vocha" na "nauli ya vijana" hauna mwisho ukishauanza. TAKUKURU wanapokea simu kwa 113.

Vitisho ni jambo jingine, na hapa sitaki mtu afuate mpangilio wangu wa makaratasi. Mtu akitishia kukuua na anajua unapolala, piga 112 au nenda kituo cha karibu usiku huohuo. Skrinshoti zitafuata.

Vile vya picha za faragha ndivyo vinavyonyamazisha watu, hasa wanafunzi wa vyuo vyetu hapa mjini. Binti anatishiwa: tuma laki mbili au picha ziende kwenye grupu la familia. Anaogopa kwamba akiripoti ataulizwa kwa nini alipiga picha hizo. Kifungu cha 23 cha sheria ya 2015 kinamgusa mtumaji wa vitisho: kutuma ujumbe kwa nia ya kulazimisha, kutisha, kunyanyasa au kumuumiza mtu kihisia ni kosa, na adhabu yake inaanzia faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 3. Binti aombe Dawati la Jinsia na Watoto badala ya kueleza kila kitu kaunta mbele ya foleni. Asilipe, anayelipa mara moja hupandishiwa dau. Kama ana miaka 18 au zaidi, tovuti ya StopNCII inatengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yake bila picha yenyewe kutoka, na majukwaa yanayoshiriki, Facebook na Instagram yakiwemo, huitumia kuzuia picha hiyo isipandishwe. Walio chini ya umri huo wana huduma inayofanana iitwayo Take It Down.

Mpelelezi naye akumbushwe kwamba Meta, kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, hupokea maombi ya polisi ya kuhifadhi kumbukumbu za akaunti kwa siku 90 wakati utaratibu rasmi ukiendelea. Ombi hilo hulitumi wewe wala mimi. Polisi ndio wanaolituma, na likichelewa, akaunti iliyofutwa huondoka na kila kitu.

Wanaotishwa na programu za mikopo wana mlango wa ziada. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni. Hata ukiwa unadaiwa kweli, kuwatumia ndugu na bosi wako ujumbe kwamba wewe ni mwizi ni matumizi mabaya ya taarifa binafsi. Lalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo makao yake yako hapahapa Dodoma, huku jalada la vitisho likiendelea polisi.

Jalada likikwama, panda ngazi kwa maandishi: mkuu wa upelelezi wa wilaya, kisha wa mkoa, kisha kamanda wa mkoa. Barua iwe ya ukurasa mmoja, yenye namba ya RB, jina la mpelelezi, na swali moja tu: amri kwa kampuni ya simu ilitoka lini? Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Mimi huona barua ya namna hiyo ikijibiwa upesi kuliko simu kumi za kulalamika, kwa sababu inabaki kwenye faili na mkubwa anayefuata ataisoma.

Na akikamatwa, jiandae kupigiwa na shangazi wa mtuhumiwa. Watataka kukurudishia fedha "yaishe kifamilia", ufute kesi. Fedha pokea, ila kupitia kwa mpelelezi na kwa maandishi. Kuhusu kufuta, waambie ukweli: ikishafika mahakamani, kesi ni ya Jamhuri, na anayeweza kuiondoa ni Mkurugenzi wa Mashtaka.