Daraja la Colne Valley: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Kaskazini-magharibi mwa London, daraja la reli la Colne Valley linavuka mto Colne, maziwa na mfereji wa Grand Union kwa urefu wa kilomita 3.4, juu ya nguzo 56. Ndilo daraja refu zaidi la reli nchini Uingereza, na limejengwa kwa ajili ya treni za kilomita 320 kwa saa.

"Kazi kubwa ya daraja hili ni kubeba uzito." Sivyo. Treni ya mwendo kasi ni nyepesi: ekseli yake (mhimili unaounganisha magurudumu mawili) hubeba takriban tani 17, ilhali ya behewa la mizigo hufika tani 22 na zaidi. Tatizo ni mtikisiko. Chukua mabehewa ya mita 25. Kwa kilomita 320 kwa saa, yaani mita 89 kwa sekunde, magurudumu hulipiga daraja kwa mdundo uleule karibu mara 3.6 kila sekunde. Mdundo huo ukilingana na mtikisiko wa asili wa daraja, yaani mdundo ambao daraja hutikisika nao lenyewe likiguswa, kila behewa huongeza pale lilipoachia lililotangulia, kama bembea inayosukumwa kila inaporudi. Zege halivunjiki. Kwenye daraja ambalo reli imelazwa juu ya kokoto, kinachoharibika ni kokoto hizo: huachiana chini ya mataruma, yaani mihimili inayobeba reli, na reli ikapinda. Yalitokea Ufaransa kwenye madaraja mafupi ya njia ya Paris–Lyon. Ndiyo sababu kanuni za Ulaya haziruhusu mchapuko (jinsi mwendo unavyobadilika kwa haraka) wa sakafu yenye kokoto uzidi mita 3.5 kwa sekunde mraba. Zege huongezwa ili daraja lisinese, hata pale ambapo jembamba lingeumudu uzito.

"Vipande vyote vya sakafu ya daraja vinafanana." Viko 1,000, kizito kikifika tani 140, na kila kimoja kina umbo lake kwa sababu daraja linapinda. Zege la kila kipande lilimwagwa likiegemea kipande jirani, ili nyuso zishikane bila pengo. Mtambo wa mita 160 uliviweka kimoja upande huu na kimoja upande ule wa nguzo, uzito usielemee upande mmoja, kisha kebo za chuma zikapitishwa ndani na kuvutwa. Cha mwisho kiliwekwa Septemba 2024.

"Daraja imara halisogei." Mita 3,400 za zege zikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka karibu mita 1. Kwa hiyo sakafu ya daraja refu hukalia beringi, yaani vitegemeo vinavyoiruhusu kuteleza juu ya nguzo, na huachiwa nafasi za kutanuka. Beringi ikikwama kwa kutu au uchafu, msukumo wote huishia kichwani mwa nguzo, na nyufa huanzia hapo.